Sponji imekuwa unga ndani ya kibodi ya IBM, niweke ipi?

*“Fundi habari za kazi. Niko Mombasa. Marehemu baba alikuwa karani kwa wakala wa forodha, na kwenye vitu vyake nimekuta kibodi ya IBM nzito kweli kweli, ina vitufe 84 na plagi ya duara kubwa ya pini tano. Nimeichomeka kwenye kompyuta ya zamani ya jirani, baadhi ya vitufe vinafanya kazi, vingine vimekufa, vingine vinachezacheza. Nimeifungua mpaka kwenye yale mabati mawili yaliyopinda, nikachungulia pembeni nikaona sponji imekuwa unga mweusi, sehemu nyingine inanata. Rafiki yangu ananiambia nikate kipande cha godoro. Jamaa wa duka la spea za elektroniki anasema nitumie ile sponji nyeusi wanayochomekea IC (chipu). Halafu nimeona video mtu anaweka sponji nene kabisa ili sauti iwe tamu. Mi nataka ifanye kazi na idumu, sitaki kuifungua tena baada ya miaka miwili. Niweke sponji gani, unene gani? Na nikiiacha hiyo ya zamani kuna shida, maana vitufe vingine bado vinaandika?”*

Salama ndugu yangu, na Mungu amrehemu mzee. Kwa maelezo yako hiyo ni Model F, ile ya vitufe 84 iliyotoka na IBM PC/AT mwaka 1984 (iliyotangulia, ya vitufe 83, ilikuja na IBM PC ya kwanza 1981). Ni kitu cha maana hicho, usikiuze kwa pesa ya mboga. Jibu la haraka ili usikae roho juu: tafuta EVA (sponji ile ya ndala) ya milimita 2, ile ya vitundu vilivyofungika isiyonyonya maji. Godoro hapana, sponji ya IC hapana kabisa, sponji nene hapana. Na hiyo ya zamani itoe yote, hata pale inapoonekana bado inajikaza. Sasa nikueleze kwa nini, manake ukielewa hiyo sponji inafanya kazi gani mle ndani huhitaji tena kumuuliza mtu, utaingia dukani mwenyewe na vidole vyako vitakuambia.

Kosa ambalo wote watatu waliokushauri wanalo ni moja, wanadhani hiyo sponji imewekwa kwa ajili ya sauti au kujaza nafasi. Kwenye kibodi za kisasa ni kweli, watu wanajaza sponji kwenye kasha ili mlio upoe, ukiitoa kibodi inaandika vilevile. Kwenye Model F sponji ni sehemu ya mashine. Ukiitazama kwa ubavu toka juu kwenda chini iko hivi: bati la juu lenye matundu, chini yake sponji, afu bareli, yaani vile vikopo vya plastiki, ambavyo shingo zake zinapenya sponji na kutokeza juu ya bati lakini kitako chake kipana kinabaki chini. Ndani ya kila bareli kuna flipa, yaani kipande kidogo kinachobinuka, na springi yake. Chini ya hapo bodi ya saketi, na mwisho kabisa bati la chini. Mabati mawili yanashikana kwa vile vikucha vya pembeni na kubana kila kitu katikati.

Ukibonyeza kitufe, springi inakandamizwa mpaka inafika mahali inashindwa, inapinda ghafla kwa ubavu, ndo hiyo klik unayoisikia, na katika kupinda kwake inaibinua flipa. Flipa ni ya plastiki iliyochanganywa na kaboni kwa hiyo inapitisha umeme, na kwenye bodi chini yake kuna vibapa viwili vya shaba vilivyofunikwa na koti la rangi. Flipa ikilalia vile vibapa kapasitansi (uwezo wa kutunza chaji ya umeme) kati yao inapanda, kontrola, yaani saketi inayosoma vitufe, inaona mabadiliko hayo inatuma herufi. Hakuna chuma kinachogusa chuma, ndo maana vitu hivi vinaishi miaka arobaini. Ila mpango wote huo unategemea jambo moja, bareli iwe imekandamizwa chini juu ya bodi muda wote na isisogee hata kidogo, kwa sababu bareli ndo inayoishikilia flipa mahali pake. Na kinachoikandamiza ni nini? Ni ile sponji, imebanwa kati ya bati na kitako cha bareli inataka kurudi, na katika kutaka kurudi inaisukuma bareli chini. Ni kama ufizi na meno, ufizi ukioza jino halina kosa lolote ila litacheza tu. Bareli ikicheza flipa inaweza kukaa upande, kuinuka, au kutoka kabisa kwenye nafasi yake, na hapo ndo unapata hivyo vitufe vilivyokufa na vingine vinavyoandika vikijisikia.

Kwa hiyo usichague ulaini wala sauti. Unachagua springi ya bapa yenye unene sahihi, ambayo ukiibana leo ukaiacha imebanwa miaka, bado inasukuma. Hilo la mwisho ndo gumu, na ndo linalowaangusha wengi.

Sasa ile ya IBM ilikufaje. Ilikuwa ya poliyurethani, familia ileile ya sponji ya magodoro, ya viti vya gari, ya pembeni za spika za zamani, na ya soli za viatu vingi vya mitumba vile unavyovaa siku ya kwanza arusini na kurudi nyumbani soli imebaki njiani. Wote hao wanakufa kifo kimoja. Poliyurethani zipo za aina mbili kubwa, kuna aina ambayo adui yake mkubwa ni unyevu, molekuli za maji zinaingia polepole na kukata ile minyororo mirefu ya plastiki, na kuna aina inayostahimili maji zaidi ila oksijeni, joto na mwanga vinaila. Minyororo ikikatika nusu inanata, ikikatika zaidi inakuwa unga. Ndo maana wewe umekuta vyote viwili kwenye kibodi moja, sehemu ziko hatua tofauti za ugonjwa uleule. Na kwa hewa ya Mombasa, nguo kwenyewe zikikaa kabatini zinashika ukungu, hiyo sponji ilikuwa haina bahati tangu iliposhushwa bandarini. IBM hawakuwa wazembe kihivyo, mwaka 1984 nani alifikiria kuna mtu ataitaka hii kibodi miaka arobaini mbele.

Hapo ndo linaingia swali lako la kuiacha ya zamani. Usiiache. Aina ile inayoliwa na unyevu ikivunjika inatoa asidi kidogo, na asidi imelala juu ya bati miaka yote hiyo, ndo maana ukiitoa karibu kila mara unakuta bati limeshika kutu kwa michirizi iliyofuata umbo la sponji. Pia ule unga unashuka kwenye flipa na kwenye bodi, na ile inayonata inaigandisha flipa isirudi vizuri. Vitufe vinavyoandika leo vinaandika kwa sababu bareli zake hazijapata sababu ya kuhama, ukiibeba kibodi kwenye pikipiki mara moja utakuta mambo mengine. Na kingine, kazi ya kufungua ni ileile uwe unabadilisha nusu au yote, kwa hiyo kuacha nusu hakuokoi kitu.

Turudi kwa washauri wako. Godoro: ni poliyurethani tena, kwa hiyo unapanda mti uleule ulioanguka, ila hilo si hata tatizo la kwanza. Tatizo la kwanza ni kwamba sponji ya godoro zaidi ya asilimia 90 ni hewa, ukikata kipande cha milimita 2 (ukiweza, mi sijamwona mtu anayekata godoro wembamba huo ukawa sawasawa kote) kikibanwa na bati kinakuwa karatasi, hakisukumi chochote. Na ukikata kinene ili kisukume hakibaniki sawa, sehemu moja bareli zimekaza nyingine zimelegea. Halafu vitundu vyake viko wazi kwa hiyo inanyonya unyevu na kuuweka pale pale kwenye bati.

Sponji nyeusi ya IC ndo hatari zaidi na inaniudhi kidogo kwamba mtu wa spea ndo kakuambia. Ile ni nyeusi kwa sababu imejazwa kaboni ili ipitishe umeme, kazi yake ni kuunganisha miguu yote ya IC isiungue na umeme tuli. Kibodi yako inasoma kapasitansi ndogo sana, afu wewe unakwenda kutandika shuka linalopitisha umeme hatua chache juu ya bodi, na likimeguka vipande vyake vinadondoka kwenye vibapa. Kontrola itaona mizimu. Kama una mita nyumbani, sponji yoyote nyeusi unayotaka kununua ichomeke ncha zote mbili za mita kwenye upimaji wa omu, ikionyesha namba yoyote, hata kubwa, rudisha. Ya pinki nayo iache, hiyo hupakwa dawa ya kuzuia umeme tuli ambayo hatujui itafanya nini kwenye plastiki.

Sponji nene ya sauti: bati halitafunga. Utaweka klampu, utakaza, bati litapinda, vikucha vitafunguka, na bodi ambayo tayari imekunjwa kufuata ule mpindo utaibebesha mzigo ambao haikutengenezewa. Yule wa kwenye video huenda ana kibodi nyingine kabisa.

Haya, zinazofaa. EVA ndo ninayoipendekeza kwa mtu wa kawaida. Ni sponji ileile ya ndala, ya yale mazulia ya watoto ya kuunganisha, na ya zile karatasi za rangi za sponji wanazouza stesheneri kwa kazi za mikono shuleni. Hizo za stesheneri ndo unazotaka, mara nyingi zina milimita 2, bei yake pesa ya soda, na vitundu vyake vimefungika kwa hiyo haivuti maji. Chagua zisizo na gundi nyuma na zisizo na ile pambo ya kumetameta, kimetameta kinadondoka na huwezi jua ni plastiki au ni chuma. Udhaifu wake upo na nikuambie ukweli: EVA inazoea, ukiibana muda mrefu inaanza kusahau unene wake wa mwanzo, na kwenye joto kali inasinyaa, kwa hiyo kibodi isikae kwenye buti la gari juani wala dirishani. Ikizeeka sana inaweza pia kutoa asidi ya siki kidogo kidogo, ndo maana nitakuambia upake bati rangi kabla ya kuiweka. Pamoja na hayo inazeeka polepole na kwa adabu, haikugeukii unga.

Kama mfuko unaruhusu na una mtu wa kukuletea, sponji ya silikoni ndo kiboko ya kudumu. Haijali unyevu, haijali joto, na ikibanwa inakumbuka. Lakini iwe sponji, yenye vitundu, usiuziwe shiti la silikoni lililo gumu lote la kukatia gasketi, hilo halibaniki na utarudi palepale pa sponji nene. Inasumbua kukata pia, inateleza na kuvutika chini ya kisu.

Neoprini, ile ya suti za wapiga mbizi, inasukuma vizuri sana na mafundi wengi wanaitumia. Mimi nina mashaka nayo mawili. Ina klorini ndani yake, ikizeeka inaweza kutoa hewa inayokula chuma, na wewe chuma chako kishapata shida ya kutosha. La pili ni la uchoyo tu, vipande vya bure vya suti kuukuu huko pwani mara nyingi ni vya milimita 3 na zaidi na vina kitambaa pande mbili, vinene mno. Kuna na Poron, ambayo ni poliyurethani ya vitundu vidogo sana inayotumika kwenye gasketi za kibodi za kisasa, inarudi vizuri kuliko EVA na inadumu kuliko godoro kwa mbali, ila ni ya familia ileile na ni ya kuagiza nje. Ukipewa, tumia bila hofu. Kuinunua kwa ajili ya kazi hii moja naona ni kutafuta makuu. Zipo pia zilizokatwa tayari kwa ajili ya Model F zinauzwa na watu wa Marekani, ukizipata hata kutoboa huhitaji, piga hesabu ya posta na ushuru uone kama inakulipa.

Unene sasa. Milimita 2 ni mahali pa kuanzia pazuri, haimaanishi kila karatasi iliyoandikwa 2 ni 2, hizi za stesheneri zinacheza kati ya moja na nusu na mbili na robo, na zile laini sana zinahitaji unene zaidi kuliko ngumu ili zisukume sawa. Pima kwa kalipa bila kuminya. Afu fanya jaribio la kubana, ambalo kwenye maabara za sponji hulifanya kwa kuibana saa 22 ndani ya oveni ya nyuzi 70 na kupima imerudi kiasi gani, sisi tutalifanya kimasikini: kata vipande vinne vidogo, vipange kimoja juu ya kingine ili kipimo kisomeke, pima, bana kwenye jiriwa au klampu kati ya mbao mbili mpaka vibaki nusu ya unene, lala. Asubuhi achia, subiri nusu saa, pima tena. Iliyorudi karibu na mwanzo ndo yako. Iliyobaki bapa hiyo ni ya watoto wakatie maua. Ukiwa na aina mbili tatu zifanyie siku moja, tofauti utaiona kwa macho, na kwa kweli hili jaribio dogo lina thamani kuliko maneno yangu yote hapo juu kuhusu EVA ya nani, kwa sababu sponji mbili zenye jina moja kutoka viwanda viwili zinaweza zisifanane hata kidogo.

Kabla ya kukata, safisha. Vaa barakoa na glavu, ule unga usiuvute. Piga picha kila hatua, hasa bareli zimekaa zikitazama upande gani. Kwangua sponji kwa kipande cha plastiki, kadi ya simu ya zamani inatosha, usitumie bisibisi juu ya bodi maana ukikwaruza lile koti la rangi umeleta ugomvi mpya. Mabaki yafute kwa spiriti ya isopropili na kitambaa. Asetoni isiguse plastiki yoyote hapo, kasha litayeyuka sura, na petroli pia hapana, na ile spiriti ya zambarau ya jiko ina rangi na maji, iache. Bareli zioshe kwa maji vuguvugu na sabuni zikauke kabisa. Flipa zipige brashi kavu tu, springi zake zikilowa zinashika kutu na ukizipinda kidogo kile kitufe hakitakuwa na mlio wa wenzake tena. Bati lipige msasa pale penye kutu, puliza rangi koti jembamba, ila sehemu ya skurubu ya waya wa ethi ibaki chuma kitupu, ukipaka hapo umekata ethi ya mashine nzima.

Kukata ni kazi ya subira, matundu yako zaidi ya themanini. Laza bati la juu juu ya sponji, chora kila tundu kwa kalamu, afu toboa kwa panchi, na panchi anayo fundi viatu au mshona mikoba, mpelekee bareli moja akuchagulie saizi inayopita shingo bila kulazimisha. Tundu likiwa dogo sponji inajikunja chini ya kitako na bareli inakaa upande, likiwa kubwa sana kitako kinakosa cha kukikandamiza, kati ya makosa hayo mawili bora kubwa kidogo. Kama kuna mtu ana mashine ya leza ya kukatia vibao, EVA inakatika vizuri kwa leza, lakini neoprini na mazulia ya yoga ya PVC yasiguse leza hata kwa bahati mbaya, zinatoa hewa ya asidi yenye klorini inayoumiza mapafu na kula mashine yenyewe. Mwambie mwenye mashine waziwazi ni EVA, kama huna hakika toboa kwa mkono.

Kufunga: bati la juu kichwa chini, liinue kwa mbao mbili pembeni ili shingo za bareli zipate nafasi. Tandika sponji, ingiza bareli zote. Hapa kabla hujaweka flipa hata moja, shusha bodi na bati la chini, bana kwa klampu nne, afu geuza na uguse kila bareli kwa kidole kwa upande wa juu. Zote zikae kimya, hakuna inayocheza. Zikicheza nyingi, sponji nyembamba. Kama klampu zinalia na mabati yanagoma kufika kwenye vikucha, sponji nene. Bora ulijue hilo sasa hivi kuliko baada ya kupanga flipa zote, ambazo ni kazi ya kukaa nayo jioni nzima mlango umefungwa na watoto wamelala. Ikikubali, fungua tena, panga flipa na springi zake, rudisha bodi taratibu bila kutikisa, bana, sukuma mabati yaingie kwenye vikucha kwa nyundo ya mpira, gonga kidogo kidogo huku na huku. Waya zinazotoka kwenye bodi kwenda kontrola usizivute. Kabla ya kurudisha kasha simamisha kibodi wima, upande wa kitufe kirefu cha nafasi ukiwa juu, ndo uweke kofia za vitufe, springi inakaa katikati vizuri. Bonyeza kila kimoja usikilize. Kisicholia klik, flipa yake imeruka, na pole yako, unafungua tena.

Kuna mambo usijaribu peke yako. Ukikuta njia za shaba kwenye bodi zimeliwa au koti limebanduka juu ya vibapa, mpelekee fundi wa simu mzuri mwenye darubini, akuunganishie, yeye hiyo ni kazi ya kawaida. Kikucha cha bati kikikatika tafuta fundi wa kuchomelea, lakini mpelekee bati tupu, bodi na plastiki vibaki nyumbani. Na vitufe vikikataa kwa mstari mzima au safu nzima hata baada ya sponji mpya, hiyo siyo sponji tena, ni njia iliyokatika au kontrola, usiendelee kubadilisha unene ukitegemea miujiza.

Jambo moja kwa wengine mtakaosoma hili mkiwa na kibodi tofauti. Model M, ile ya vitufe 101 iliyofuata, haina sponji hii, ina shiti la mpira na ribiti za plastiki zinazokatika, ugonjwa wake ni mwingine. Na kibodi za Key Tronic kama zile za Apple Lisa na Compaq Portable, kila kitufe kina kisponji chake chenye karatasi ya kung'aa chini, hapo sponji inatakiwa iwe laini na ya kurudi haraka, EVA niliyoisifia itaiua. Usichukue ushauri wa kibodi moja ukaupeleka kwa nyingine.

We ndugu yangu wa Mombasa, nunua karatasi za aina mbili tatu tofauti, zibane usiku mmoja, unitumie vipimo vya kabla na baada pamoja na picha ya bodi ikishasafishwa. Usitoboe chochote mpaka nivione.